Bahasha za Uzi Mwekundu

9 Februari

Dada yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama mpaka yule paka asiye na mwenyewe, ambaye sasa amejipa kazi ya kulala juu ya vitambaa vya wateja. Sisi huku hatujambo. Wa Kwanza amejua kusoma, na tumekoma: ujumbe ukiingia kwenye simu yangu anaukimbilia na kuusoma kwa sauti ya mtangazaji. Wa Pili ameng'oka jino. Wa Tatu aliokota mkasi akakata pazia, anasema alikuwa analipunguza urefu. Mtoto ametimiza miezi saba na kunyonya ndiyo kazi yake ya kutwa. Mama anakula, analala, anakosoa. Na wewe, mwoka mikate wetu? Miguu bado inavimba kwa kusimama mbele ya tanuri? Shemeji na rangi zake hajambo? Binti yako huko chuoni anaandika, au anapiga simu akitaka kitu tu?

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Dada, simu yangu ni mgonjwa. Tangu Wa Tatu aitumbukize kwenye ndoo, ukiiweka sikioni husikii kitu. Inasikika kwenye kipaza sauti tu, tena kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Ukinipigia anasikia Mama, anasikia mteja ninayempima kiuno, anasikia na muuza mkaa kule nje. Kwa hiyo mambo ya siri yatapita kwa Dereva, maana gari lake linapita mjini kwenu. Najua unachofikiria: mume wangu ndiye anayebeba! Ndiyo maana umeikuta bahasha imeshonwa. Nimeipitisha kwenye cherehani, mshono wa karibu karibu, uzi mwekundu, na hajazaliwa mwanamume wa kufumua mshono wangu akaurudisha vilevile. Ukikuta uzi umekatwa, jua imesomwa.

Sasa sikiliza. Unakumbuka nilipojifungua huyu wa nne nilitoka damu mpaka nikawa siisikii miguu yangu. Ambacho hukuambiwa ni kwamba daktari alisema nikibeba mimba nyingine mapema hajui kama ataniokoa. Alimwambia Mama. Mimi nilikuwa nimefumba macho, wakadhani nimelala. Mpaka leo Mama hajanifikishia maneno hayo. Anachosema ni, "Zaa mwanangu, zaa milango ikiwa wazi. Mtazame dada yako alivyobaki na mmoja." Nisamehe, lakini ndivyo anavyosema, tena kila siku. Wewe Mungu alikupa mmoja mambo yakaishia hapo. Mimi itabidi nipumzike kwa akili yangu mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi, nimeshajipanga. Nilikwenda zahanati, nyumbani nikasema nampeleka mtoto chanjo, nikarudi na vidonge vya uzazi wa mpango. Viko ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, chini ya vile vikubwa vya makoti ambavyo havina mnunuzi. Dereva hajui. Namwanzaje mtu anayekuja siku tatu na kuondoka siku saba? Na ujue mdogo wako si mtu wa kupoteza vitu. Pakiti ya mwezi mmoja kwangu inafika miezi mitatu. Dereva akiwepo nameza, akipanda gari naifunga. Kwani nimeze dawa ya mtu ambaye hayupo?

Mdogo wako,
fundi wa nguo

2 Machi

Mdogo wangu,

Nimeshukuru kusikia mko salama. Mwambie Wa Kwanza nimefurahi amejua kusoma, na mwambie asome vitabu, si simu za watu. Sisi tupo. Tanuri letu kubwa lilipasuka ukuta, wiki nzima tumeoka kwa lile dogo na wateja wametutukana kwa zamu. Shemeji yako alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa benki, hakuumia, ila ndoo nzima ya rangi ilimwagikia suruali ile uliyomshonea. Binti yangu anapiga simu akitaka kitu tu, umemjua vizuri.

Barua yako imenifikia jana. Dereva anasema gari lilimharibikia njiani na barua imekaa kwenye kabati la mbele wiki tatu. Uzi ulikuwa mzima.

Nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa juu ya gunia la unga. Mdogo wangu, vidonge vile ni vya kila siku. Kila siku, saa ileile, Dereva awepo asiwepo, hata awe upande wa pili wa dunia. Dawa haimngojei mwanamume mlangoni. Inafanya kazi mwilini mwako, na ukiikatiza inaacha. Umekuwa ukitembea bila kinga na huku unajihesabu umelindwa.

Haya siyatoi kichwani. Kuna mwanamke mmoja ninayefanya naye kazi hapa, alivitumia miaka mingi. Anasema hata yeye mwanzoni aliogopa kuuliza maswali, akadhani muuguzi atamwona mjinga. Muuguzi hakumcheka. Mwenzangu huyo alikuwa anavificha ndani ya kiatu chake cha harusi, kile cha kushoto, maana nani atavaa kiatu cha harusi siku ya kazi? Yeye alimeza kila alfajiri kabla ya kukanda unga, ndivyo alivyokumbuka.

Nenda zahanati kesho. Usiseme umeleta mtoto chanjo. Sema ulivyomeza, sema na ulivyotoka damu, useme yote. Kuna njia nyingine pia, za kumfaa mtu mwenye mambo mengi kama wewe. Wakupime kwanza. Halafu uniambie.

Kuhusu maneno ya Mama, nimeyasoma.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Salamu zako zimefika, ila zimefika jana. Dereva alibadilishiwa njia, mwezi mzima hakupita kwenu wala kwetu, na alipokuja alitoa barua mfukoni imejikunja kama tambara. Kwa hiyo wiki zote hizo niliendelea na akili zangu za kubana. Watoto wazima. Ni msimu wa sare za shule, nimekata sketi arobaini na mgongo unauma, na Mama anasema mishono ya siku hizi haina heshima kwa sababu haina upindo mrefu.

Nimeogopa, dada. Leo ni siku ya kumi na mbili siwezi kuvumilia harufu ya mafuta ya cherehani, mafuta niliyoyanusa tangu nina miaka kumi na sita. Hesabu ya siku hainisaidii, maana tangu nijifungue sijaona damu ya mwezi, nasikia ni kwa ajili ya kunyonyesha. Napima viuno vya watu kutwa, lakini nimeogopa kuzungusha futi kwenye changu. Mama ameshaniona. Hasemi, ila anatabasamu peke yake, na jana alinipokonya pasi mkononi eti ni nzito.

Sijaenda zahanati. Muuguzi ni rafiki wa Mama, wanaazimana vyungu. Na nikiambiwa ndiyo, itakuwa ndiyo kweli. Nina watoto wanne. Usiku nawahesabu walivyolala na kujiuliza nani atamwambia Wa Tatu aweke mkasi chini. Sitaki kufa, dada. Nimeliandika, sasa limetoka.

Ninalo na swali. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuja kwako likizo, nikafungua boksi la viatu vyako vyeupe vya harusi nivijaribu. Hujawahi kunipiga maishani isipokuwa siku hiyo. Kibao kimoja, halafu ukalia wewe kuliko mimi. Sikuelewa mpaka jana niliposoma kiatu cha kushoto.

Usinijibu kama hutaki. Lakini ujue kila nikifungua mdomo kumwambia Mama kwamba wanne wametosha, ananiwekea wewe mbele. Dada yako alichelewa, dada yako alifungwa tumbo, dada yako analia chumbani. Mimi mwenyewe nimekuwa nikikuonea huruma miaka yote hii, na nikisema ukweli, sikutaka kuwa kama wewe. Kama kuna jambo unalijua, nalihitaji.

Mdogo wako

8 Aprili, Jumatatu

Mdogo wangu,

Nisamehe kile kibao. Salamu nyingine zitafuata, Dereva ananingoja nje na injini inaunguruma.

Ni mimi. Hakuna mwanamke mwingine hapa kazini, tuko mimi na wanaume wanne.

Binti yangu alipozaliwa nilipata kifafa cha mimba. Niliamka siku ya tatu nikaambiwa nina mtoto. Muuguzi alituweka chini mimi na shemeji yako akatueleza, na nikaanza vidonge. Miaka mitano baadaye daktari alinipima akasema sasa naweza kujaribu tena, wakiniangalia kwa karibu. Tulirudi nyumbani, tukala, tukatazamana, tukagundua hakuna hata mmoja wetu anayetaka. Huyo mmoja alikuwa ametujaa. Nilipenda kazi yangu. Nilipenda nyumba yetu ilivyokuwa. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishinda kumwambia Mama. Kuogopa angenielewa. Kutotaka, sikujua aniweke wapi.

Wakati huo yeye alikuwa ameshaanza kufunga siku moja kila mwezi kuniombea. Mara ya kwanza nilitaka kumwambia aache. Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mgumu kuliko wa kwanza, na ukizoea kuhurumiwa, inakuwa kama nguo iliyokubana ambayo huna pa kuivulia. Silii chumbani, mdogo wangu. Chumbani nalala. Nimelala vizuri miaka mingi sana.

Sikujua kwamba ananitumia kukutishia wewe. Ningejua, nisingenyamaza. Au labda ningenyamaza, sijui, mimi ni mwoga kuliko unavyodhani. Ila ukipotea wewe kwa sababu mimi niliona haya, sitakaa mbele ya tanuri tena nikajiita mtu.

Dereva anasema atafika kwenu Alhamisi na atapumzika mpaka Jumanne. Basi Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nitapiga simu. Usiikimbize nje wala kuifunika kwa mto. Iache juu ya meza.

Dada yako

9 Mei

Dada yangu mwenye sauti ya mkutano wa hadhara,

Tunakusalimu wote, na safari hii "wote" ina maana wote, maana Mama amekaa hapa kando ya cherehani ananiambia cha kuandika na mimi siandiki. Wa Pili ameng'oka jino jingine. Paka amezaa watatu ndani ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, na Mama amesema huyo naye apelekwe zahanati.

Wewe siku ile ulisikia sauti tu, mimi niliona nyuso. Acha nikupe.

Simu ilipolia Wa Kwanza aliibonyeza kabla yangu, akatangaza, "Mama mkubwa!" Mama alikuwa anakunja nepi. Dereva alikuwa na tonge mkononi. Na katikati ya chumba alisimama mteja wangu wa gauni la zambarau, aliyekuja kujaribisha, mkono wa kushoto umebandikwa kwa pini mpaka kwapani. Ulipotaja kifafa, Mama aliitikia kwa kichwa, hilo analikumbuka. Uliposema, "Mama, sikufungwa tumbo, nilipanga," nepi ilibaki hewani. Uliposema kwamba daktari wangu naye alisema, na kwamba Mama alimsikia, Dereva alirudisha tonge kwenye sahani. Yule mteja hakuthubutu kupumua, nadhani kwa sababu ya pini. Salio likakukatikia ukiwa unasema "sikuthubutu."

Mama alitoka akaenda kuanua nguo. Zilikuwa mbichi, nilizianika nusu saa tu kabla ya hapo. Akazianua zote, akasimama nazo, akazianika tena. Mteja akaninong'oneza, "Fundi, nitoe pini, na mkienda huko zahanati mnipitie."

Mama aliporudi alikaa. Akasema, "Mimi niliambiwa hivyohivyo kwa mtoto wa tatu. Kwamba wa nne ataniua. Nikazaa wanne zaidi na niko hapa. Nikadhani ndiyo maneno yao, wanamwambia kila mtu." Nikamwambia, "Kwa hiyo hukuogopa?" Akanitazama kama nimemtukana. "Kila safari niliondoka nyumbani nimeshaaga," alisema. "Niliwapanga mlivyolala, nikagawa nani atalelewa na nani." Dada, nililia, maana ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi.

Halafu akauliza, polepole, "Hivyo vidonge vyenu, enzi zetu vilikuwepo?" Nikasema sijui, pengine vilikuwepo mahali. Akakaa navyo kichwani. Mimi kwa uchokozi wangu nikamwuliza angeishia wa ngapi. "Wanne," akasema, bila hata kufikiri. Unajua mimi ni wa saba. Akaniona uso ulivyobadilika, akanivuta sikio kama zamani. "Wewe ungekuja tu. Mkaidi kama wewe nani angekuzuia?"

Jioni Dereva alitoka. Nilimfuata nje alipokuwa anakagua maji ya gari, gari ambalo halikuwa linaenda popote siku hiyo. Nikamwambia habari ya kopo la vifungo na ya pakiti ya miezi mitatu. Alifunga boneti. Akasema, "Siku uliyojifungua nilifika nikakuta godoro limeanikwa, na hakuna aliyeniambia ni kwa nini. Unadhani safari ndefu nazichukua kwa nini? Naogopa kulala nyumbani." Miezi tisa yote, dada! Mimi nilidhani amenichoka. Yeye alidhani nataka wa tano, maana Mama anausema huo wimbo kila siku na mimi sikuwahi kuupinga. Akaongeza, "Na hizo bahasha zenu za kushonwa, nilijua ni mimi ninayesengenywa." Nikamwambia mara mbili tu, tena kidogo.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani, mwanamume peke yake katikati ya wanawake kumi na moja, na alipoitwa ndani aliuliza maswali kuliko mimi. Muuguzi, yule rafiki wa Mama, hakucheka na wala hakushangaa. Akasema wanaomeza siku wanazolala na waume zao tu huwapokea wawili watatu kila mwezi. Kumbe tuko wengi tuliojifanya werevu! Alinipima. Ule ujumbe wa "Hamna, salama" uliouona niliuandika palepale kwenye benchi. Harufu ya mafuta, alisema, ni uchovu na kula mara moja kwa siku, na hofu juu yake.

Aliniambia nirudi baada ya wiki tatu anipime tena ili tuwe na uhakika, na mpaka hapo alitupa mipira ya kondomu, ambayo Dereva aliipokea akitazama dari. Nimerudi juzi. Hamna, kwa mara ya pili. Alinionyesha njia zote mezani, moja moja, nikachagua kijiti. Ni kidogo, kinaingia chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka mitatu, na nikitaka kitoke hata kesho kinatolewa. Nimewekewa mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa mkasi. Mama alinifunga bandeji upya nyumbani akidai muuguzi ameifunga vibaya. Na Wa Kwanza aliiokota kadi yangu akasimama mlangoni akaisoma yote mpaka tarehe ya kurudi, kwa hiyo na muuza mkaa anajua.

Mteja wa gauni la zambarau nilimpitia. Ana wawili, anataka kungoja kidogo. Wiki iliyopita alileta na mdogo wake.

Mama amechoka kungoja, anataka neno lake liandikwe. Anasema amekukasirikia, na atakukasirikia mpaka mwisho wa mwezi, usimpigie kabla ya hapo. Anasema miaka yote hiyo ungemwambia, angekula. Na anasema ile siku yake ya kufunga haachi, ameshaizoea, ila kuanzia sasa atakuwa anaiombea miguu yako.

Tarehe moja mpigie, basi. Simu itakuwa mezani.

Dereva ananingoja nje. Ameniona nabandika bahasha kwa gundi tu, akauliza kama uzi umeisha. Nikamwambia uzi upo.

Mdogo wako mkaidi, wa saba